Gunia la mchele na kiungo wa Kabondo

KISANGANI – Gunia la mchele lilifika kwa toleka, siku ya jumamosi, jua likianza kushuka. Mwenye baiskeli aliliegemeza kwenye mlango wa nyumba moja ya mtaa wa Kabondo, akapangusa jasho. Kilo 25. Juu ya gunia kulifungwa viatu vya mpira, vipya kabisa, na pembeni bahasha yenye dola 50. Aliyetuma vitu hivyo hakuja mwenyewe. Alimwagiza tu mwenye toleka aseme: "Ni ya mama wa namba kumi."

Mama huyo anaishi Kabondo tangu mwaka 2023. Kabla ya hapo alikuwa na shamba la mihogo ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga. Ugomvi wa ardhi kati ya jamii ya Wambole na ile ya Walengola ulipogeuka kuwa mapanga na moto, alifunga watoto wanne na sufuria moja, akavuka mto kwa mtumbwi. Mdogo wake mwanaume, anayechaji simu za watu karibu na soko, alimpa chumba. Ndani ya chumba hicho wanalala watu sita. Siku nyingi chungu kinakaa motoni mara moja tu, jioni.

Kwa hiyo gunia lile halikuwa jambo dogo. Watoto walilizunguka. Mdogo kabisa aliweka mkono juu yake na hakuutoa.

Namba kumi ni mtoto wake wa kwanza. Ana miaka 16. Anacheza kiungo katika timu moja ya vijana ya Kabondo, na watu wa pale wanasema mpira ukifika kwake, uwanja unanyamaza kidogo, kila mtu anangoja kuona atautuma wapi. Si mkubwa wa mwili. Hakimbii sana. Lakini anaona nafasi kabla ya wengine, na mguu wake wa kushoto hautetemeki.

Timu hiyo haina kitu. Ilimpokea akiwa na miaka 14, wiki chache baada ya kuvuka mto, wakati alipokuwa akikaa pembeni ya uwanja kutwa nzima bila kusema na mtu. Kocha, papa mmoja mzee aliyecheza kwenye Stade Lumumba ujana wake, kabla ya vita ya siku sita ya mwaka 2000, alimpa jezi ya zamani na viatu vya mtoto wake mwenyewe. Vilikuwa vikubwa. Waliweka vitambaa mbele.

Sasa namba kumi anatafutwa. Timu ya Mangobo inamtaka, na hiyo ndiyo mshindani mkubwa wa timu yake. Timu nyingine ya Makiso nayo imetuma mtu, ikiahidi masomo. Na kuna bwana mmoja anayejiita meneja, mwenye simu iliyojaa picha za viwanja vikubwa, aliyemwambia kijana kwamba kabla ya mwaka kwisha atamfikisha Dar es Salaam. Gunia lilitoka Mangobo. Mechi kati ya Kabondo na Mangobo ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Yaya, Mungu amekukumbuka," mjomba wa kijana alimwambia dada yake. "Wakubwa wote walianza hivi. Timu inakuja, inaongea na familia, mtoto anaenda."

Mjomba anajua mpira. Pale anapochajia simu, redio haizimwi, na ligi ya Tanzania inafuatwa karibu kama ligi ya nyumbani, kwa sababu watoto wa Kongo wamejaa kule. Alianza kuhesabu. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu, jirani zetu wa juu ya mto, akaenda Yanga mwaka 2023. Mukoko Tonombe alikuwa kiungo wa AS Vita Club ya Kinshasa. Yanga ikamchukua mwaka 2020, pamoja na Tuisila Kisinda. Na mwanzoni mwa 2022 Mukoko akarudi nyumbani, lakini hakurudi Vita. Alivaa jezi ya TP Mazembe ya Lubumbashi, wapinzani wakubwa wa Vita tangu zamani.

"Unaona?" mjomba alisema. "Kutoka Vita mpaka Mazembe, akipitia Dar es Salaam. Nani alimkataza? Mpira ni kazi. Mtu anaenda mahali pana chakula."

Mama hakujibu. Aliwaambia watoto wasifungue gunia. Kisha akamtuma wa pili amwite kocha.

Kocha alifika giza likiwa limeingia. Aliangalia gunia, akaangalia viatu, akaketi. Hakukasirika. Alisema angekuwa na mchele wa kuleta, naye angeleta. Kisha akamwambia mjomba: "Papa, umehesabu wale waliofika vizuri. Hesabu na Fei Toto."

Mjomba alicheka kidogo, maana hadithi hiyo anaijua. Lakini mama hakuijua, na kijana alijua nusu. Basi kocha akaieleza pole pole.

Feisal Salum, ambaye watu wanamwita Fei Toto, ni kiungo wa Zanzibar. Alikua kimpira katika timu ya JKU. Mwaka 2018 klabu mbili za bara zilimgombea. Alitangazwa kuwa mchezaji wa Singida United, na muda mfupi baadaye akaonekana na jezi ya Yanga. Watu walicheka, wengine wakashangaa, lakini mambo yakapita. Akawa kipenzi cha Yanga kwa miaka minne na zaidi.

Mwisho wa mwaka 2022, mambo yakageuka. Jina la Azam, klabu tajiri ya Dar es Salaam na mshindani wa Yanga, likawa midomoni mwa watu. Fei Toto alitaka kuvunja mkataba wake. Aliweka kwenye akaunti ya Yanga shilingi za Tanzania milioni 112 hivi, akahesabu kwamba hiyo inatosha kununua uhuru wake, akaaga. Yanga ikasema hapana: mkataba haukuisha, na mtu hawezi kujiuza peke yake. Kesi ikaenda mbele ya kamati ya shirikisho la mpira la Tanzania. Mwanzoni mwa 2023 kamati ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba uamuzi upitiwe tena, akashindwa tena.

"Na wakati huo wote alikuwa anacheza wapi?" mama aliuliza.

"Hakucheza," kocha alijibu. "Miezi mitano hivi. Kiungo bora wa nchi yake, yuko nyumbani."

Katika miezi hiyo hiyo Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo haikuwahi kulifanya. Ilicheza na USM Alger ya Algeria. Dar es Salaam ilifungwa 2-1, kule Alger ikashinda 1-0, ikakosa kombe kwa sababu ya bao la ugenini. Mabao yote mawili ya Yanga katika fainali hiyo yalifungwa na Wakongomani: Fiston Mayele la kwanza, Djuma Shaban la pili kwa penalti. Huku kwetu watu walipiga kelele usiku. Fei Toto hakuwa uwanjani. Siku kama ile huenda mchezaji akaipata mara moja tu katika maisha.

Mwishowe jambo lilifika mpaka kwa Rais wa nchi. Mwezi wa sita 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Yanga kwa chakula ili kuwapongeza, na hapo hapo akawaomba viongozi wa klabu wamalize jambo la kijana huyo. Siku chache baadaye Yanga ikatangaza kwamba imekubaliana na Azam, na Fei Toto ameuzwa. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 katika ligi. Ni Aziz Ki wa Yanga tu aliyempita, kwa mabao 21. Kwa hiyo mguu haukupotea. Kilichopotea ni miezi, pamoja na fainali ile.

"Mbona unasema kama kosa ni la mtoto?" mjomba aliuliza. "Kama klabu inamfunga mtu kama mbuzi?"

Kocha alikubali kwamba klabu nyingi zinafunga watu. Wengine wanasainishwa karatasi wasizoweza kusoma. Wengine hawalipwi. Lakini kanuni za FIFA zimetengeneza mlango. Klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba inapaswa kuiandikia kwanza klabu yake, ndipo iongee naye. Mkataba ukibakiza miezi sita au chini ya hapo, mchezaji ana ruhusa ya kusaini kwingine na kungoja siku zake ziishe. Mtoto ambaye hajafika miaka 18 hapaswi kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Na kabla ya miaka 18, kuhamishwa kwenda kucheza nchi nyingine kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wake wanapohamia kule kwa mambo yasiyo ya mpira.

Hapo kijana aliinua kichwa. Alikuwa kimya tangu mwanzo.

"Basi yule wa Dar es Salaam?"

"Una miaka 16," kocha alisema. "Yule hawezi kukupeleka mahali popote panapoandikwa. Muulize kwanza leseni yake ya uwakala. Akikuonyesha picha tu, ni mwuza picha."

Halafu kocha alisema neno ambalo wazazi wengi wa mji huu hawajalisikia. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka alipofikisha miaka 12 mpaka mwaka wa 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unahesabiwa kama robo ya asilimia moja ya bei. Kila mwaka kati ya 16 na 23 ni nusu ya asilimia. Siku moja kijana akiuzwa dola 200,000, mwaka mmoja wa kumlea akiwa na miaka 14 unailetea klabu dola 500, na mwaka mmoja akiwa na 16 unaleta dola 1,000. Pesa hizo ni za klabu, si za familia. Lakini kwa timu ya kartie isiyo hata na mipira mitano, hiyo ni uwanja, ni jezi, ni watoto wengine thelathini wanaocheza badala ya kuzurura.

Ila pesa hiyo inafuata karatasi. Kama jina la mtoto halikuandikwa kwenye shirikisho pamoja na timu yake na miaka yake, siku ya kugawa hakuna anayemjua aliyemlea. Kijana akipita gizani kwa gunia la mchele, miaka miwili ya Kabondo inafutika.

Mama alisikiliza yote. Kisha aliuliza swali moja, na hilo halikuwa la pesa.

"Nikipika mchele huu leo, na wiki mbili zijazo mtoto wangu anacheza na Mangobo, akipoteza mpira watu watasema nini?"

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alijua. Katika mji wa mpira kama Kisangani, mchezaji anayetafutwa na mpinzani anachezea juu ya kamba. Akifunga, ni kawaida. Akikosa, amenunuliwa. Mama alisema: "Sisi tayari tunaitwa watu wa kuja. Sitaki mtoto wangu aitwe na mtu wa kuuzwa."

Mwenye toleka aliitwa tena. Gunia likafungwa nyuma ya baiskeli, viatu juu yake, bahasha mfukoni mwa kocha ili airudishe kwa mkono mbele ya mashahidi. Mjomba ndiye aliyelipa franka za safari, akinung'unika. Mtoto mdogo alilia mpaka akalala. Usiku ule walikula sombe na bugali kidogo, na hakuna aliyeongea.

Kijana hakumsemesha mama yake kwa siku mbili. Tusidanganyane: yeye alitaka kwenda. Mangobo wana uwanja bora, wana kocha kijana, wana viatu. Alivijaribu vile viatu kabla ya kocha kufika, na vilimtosha. Tangu avuke mto, hakuwahi kuvaa kiatu kilichomtosha.

Siku ya jumatatu, kocha alienda Mangobo mwenyewe. Alirudisha bahasha. Hakutukana mtu. Alisema: "Mnamtaka, andikeni barua." Viongozi wa Mangobo walishangaa kidogo, kwa sababu kwa timu za kartie mambo huwa hayaendi hivyo, lakini waliandika. Katikati ya wiki pande zote zilikaa chini ya mwembe, mama akiwapo, na mjomba akisoma kwa sauti kila mstari. Walikubaliana mambo manne. Kijana atamaliza msimu Kabondo. Miaka yake miwili ya Kabondo itaandikwa kwenye faili lake na kutiwa muhuri. Mangobo italipa shule yake kwa mwaka mzima, na pesa itaenda shuleni, si mkononi mwa mtu. Na kama siku moja atauzwa mbali, Kabondo haitasahauliwa.

Kulikuwa na shida moja zaidi. Kijana hana cheti cha kuzaliwa. Kiliungua pamoja na nyumba. Familia nyingi zilizohama ziko katika hali hiyo, na ndipo wajanja wanapopata mlango: wanampunguzia mtoto miaka, wanambadilishia jina, na baadaye jina hilo la uongo linamfuata kama kivuli. Njia ipo. Mahakama ya watoto inaweza kutoa hukumu inayosimama mahali pa cheti hicho, kisha ofisi ya hali ya raia inaandika. Inahitaji mashahidi na mwendo wa miguu. Mama ameanza mwendo huo.

Mechi ilifika, siku ya jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja una matope. Watu walisimama mpaka kwenye mistari, wengine juu ya baiskeli zao. Kijana alivaa vile viatu vyake vikubwa vyenye vitambaa mbele.

Dakika ya ishirini hivi, alipoteza mpira katikati. Aliteleza tu. Mangobo wakaenda nao moja kwa moja, wakafunga. Uwanja ulinyamaza. Vichwa vikageuka kumtafuta mama, aliyesimama upande wa jua na kitenge kichwani. Mama hakuinamisha uso. Kocha alipiga makofi mara mbili, akasema kwa sauti, "Endelea." Mtu mmoja nyuma alianza kusema neno, na mwenzake akamkatiza: "Nyamaza. Gunia lilirudi. Mimi ndiye niliyelibeba." Alikuwa yule mwenye toleka.

Kipindi cha pili, kijana alipokea mpira akiwa ameipa goli mgongo. Aligeuka, akautuma kati ya walinzi wawili, na mwenzake akafunga. Ikawa 1-1, na ikaisha hivyo. Hakuna aliyebebwa juu ya mabega. Watu walienda nyumbani wakibishana juu ya penalti ambayo mwamuzi hakuitoa, kama kawaida.

Jioni kijana alimwambia mama yake kwamba viatu vinamuumiza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza refu tangu gunia lirudi. Mama alicheka, akasema msimu utakwisha.

Si kila kitu kimemalizika. Shule bado inangoja malipo ya Mangobo, na mpaka pesa ifike, barua ni karatasi tu. Yule bwana wa picha bado anapita, sasa anaongea na watoto wa mtaa mwingine. Na chungu cha nyumba ile bado kinakaa motoni mara moja kwa siku. Heshima haijazi tumbo, na hakuna mtu anayepaswa kumfundisha hilo mama aliyerudisha mchele.

Lakini kwa familia zilizohama, zenye mtoto mwenye mguu mzuri, habari hii ina mambo ya kushika. Uliza mtoto ameandikwa wapi, na kwa jina gani. Usikubali miaka yake ibadilishwe. Asiyetaka kuandika leo, kesho atakana. Atakayeahidi nchi ya mbali kwa mtoto ambaye hajafika miaka 18, mwambie arudi na leseni yake pamoja na barua ya klabu. Na timu inayomtaka mtoto wako ipitie mlango wa mbele, kwa timu iliyompokea alipokuwa hana kitu.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama wa namba kumi alikuja Kabondo kama mgeni. Siku hizi, akipita karibu na uwanja, watu wanamsogezea kiti.